Fizikia Nyikani (Sehemu ya Tatu): Chaki Iliyoachwa Mezani

Wiki jana niliahidi kueleza kwa nini chuma kikipata moto mkali hukataa sumaku. Nitaeleza, ila leo namkumbuka pia aliyelipima jambo hilo kwa makini, kwa kuwa kifo chake kinatugusa sisi wa Takaba, kaunti ya Mandera.

Kwanza jaribio. Tafuta sumaku ya spika ya redio mbovu, kwetu hazikosekani. Tia msumari wa chuma kwenye makaa, pulizia mpaka uwe mwekundu wa kung'aa, uutoe kwa koleo na kuusogeza karibu na sumaku. Hauvutwi. Subiri wekundu ufifie, na ghafla utaona unavutwa kama zamani. Mpaka wenyewe ni kama nyuzi 770 za Selsiasi. Ndani ya chuma chembe ni visumaku vidogo vilivyoelekea upande mmoja, kundi kwa kundi, mithili ya mbuzi kwenye birika la kisima. Joto likizidi, kila mmoja hugeukia kwake na safu huvunjika. (Watoto wasifanye hili bila mkubwa karibu.)

Aliyeyachunguza haya ni Mfaransa Pierre Curie, katika tasnifu yake ya mwaka 1895, na hadi leo kiwango hicho cha joto hubeba jina lake. Mwaka 1903 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na mkewe Marie na Henri Becquerel. Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua jijini Paris, aliteleza akivuka barabara, na gurudumu la gari zito la farasi likamponda kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 46, na darasa lake katika chuo kikuu cha Sorbonne lilikuwa halijamaliza somo.

Marie alikabidhiwa darasa hilo. Tarehe 5 Novemba watu walifurika ukumbini, wengi wakingoja kumwona mjane akilia na kumsifu marehemu. Hakufanya hivyo. Alianzia pale pale mumewe alipoishia, kana kwamba kengele ya mapumziko ndiyo kwanza imelia. Sijui tanzia iliyo nzuri kuliko hiyo.

Sasa turudi kwetu. Alfajiri ya tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na Al-Shabaab. Abiria 28 waliuawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda kwao kwa likizo ya Desemba. Mwezi Januari wenzao walikataa kurudi, wakapiga kambi makao makuu ya Tume ya Huduma kwa Walimu wakidai uhamisho. Siwalaumu, nani angerudi? Lakini chaki zilibaki mezani, na fizikia haina bahati: si somo la lazima hadi kidato cha nne, basi mwalimu akikosekana ndiyo hutupwa kwanza.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2015, basi jingine lilivamiwa katika kaunti hii hii. Salah Farah, mwalimu na Mwislamu, alikuwa miongoni mwa abiria waliokataa kutengwa na wenzao Wakristo. Alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi tarehe 18 Januari 2016. Kisomali humwita mtu kama huyo macallin, Kiswahili maalim, na ni neno moja.

Ninyi mliohitimu fizikia mkitokea Takaba, El Wak au Rhamu, na mnaosoma haya mkiwa Nairobi: watoto wa walimu hawa na wanafunzi wao bado wanangoja somo liendelee. Ombeni kazi huku. Wiki ijayo nitaeleza umeme wa jua, na jinsi ya kuifufua betri iliyolala.