Upasuaji wa kupunguza uzito: Nani atalipa gharama Garissa?

Katika mji wa Garissa, mwanamke mnene bado ni fahari ya nyumba yake. Jamaa wakimwona amenawiri husema maziwa ya ngamia yamemkubali, na mumewe husifiwa kwa kumtunza. Kwa hivyo daktari anapomweleza mama wa miaka 45 kwamba uzito wake ndio unaompandishia sukari na shinikizo la damu, na kwamba huenda ikafaa apasuliwe ili tumbo lake lipunguzwe, habari hiyo humfikia kama mzaha. Mzaha huisha anapouliza bei.

Upasuaji huu hufanywa katika hospitali kubwa za kibinafsi jijini Nairobi, na gharama yake hufika laki kadhaa za shilingi. Mwenye duka sokoni Suuq Mugdi hana fedha hizo kwenye mkoba. Akitoa kadi ya bima, aghalabu hujibiwa kwamba unene haumo katika mambo yanayolipiwa. Akiwageukia wazee wa ukoo wamchangie, atawaelezaje kwamba anataka kuondolewa kile ambacho wao wanakiona ni afya?

Kaskazini Mashariki inajulikana zaidi kwa njaa kuliko kwa unene. Ukame wa kuanzia mwaka 2020 hadi 2023 uliangamiza zaidi ya mifugo milioni 2 nchini, wengi wao katika kaunti kame kama Garissa, Wajir na Mandera. Lakini njaa na unene siku hizi hukaa katika mtaa mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uchunguzi wa mwaka 2022, uliowahesabu wenye miaka 20 hadi 49, ulipata asilimia 45.

Familia iliyohama kutoka malishoni ikapanga nyumba mjini hubadilisha miguu lakini haibadilishi sahani. Nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika samli, ilikuwa chakula cha mtu anayewafuata ngamia kutwa nzima juani. Leo inaliwa na mtu anayeketi dukani tangu asubuhi, juu ya anjera, wali, pasta na chai yenye sukari hadi kijiko kisimame.

Si urembo

Kuna jambo linalofaa kuelezwa mapema, kwani ndilo linalowaponza wengi mbele ya kampuni za bima. Kupunguza tumbo si sawa na kufyonzwa mafuta. Kufyonza mafuta ni kazi ya urembo: huondoa mafuta chini ya ngozi na hakutibu kisukari. Mwishoni mwa mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa kazi ya aina hiyo, na baraza linalosimamia madaktari likaifunga kliniki iliyohusika. Tangu hapo watu wengi huchanganya mambo haya mawili.

Upasuaji tunaouzungumzia ni wa aina mbili zilizo maarufu. Katika ya kwanza, daktari huondoa takriban robo tatu ya tumbo na kuacha kifuko chembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, chakula kikapita njia ya mkato. Mgonjwa hushiba upesi, na wengi hupoteza robo ya uzito wao au zaidi katika mwaka wa kwanza na wa pili. Kwa wenye kisukari cha ukubwani, mara nyingi sukari hushuka hata kabla ya uzito kupungua sana.

Nani anastahili? Mwaka 1991 wataalamu waliokutana chini ya Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani waliweka kipimo ambacho kimetumiwa kwa muda mrefu na madaktari na kampuni za bima. Chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa mita 1.60 mwenye kilo 105 atapata 41. Aliyefika 40 alistahili, au 35 ikiwa ana ugonjwa kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu viliteremsha kipimo hadi 35 bila ugonjwa wowote, na 30 kwa mwenye kisukari. Kampuni ya bima inaweza kuwa bado inashikilia kile cha zamani, hivyo muulize mhudumu wao wanatumia kipi.

Hesabu ya bima

Hazina ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikoma mwisho wa Septemba 2024 na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango hauwezi kuwa chini ya Sh300 kwa mwezi. Asiye na mshahara, na huyo ndiye Mgarissa wa kawaida, hukadiriwa uwezo wake kisha hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja. Mfugaji huona fedha siku ya mnada, na mvua ikikataa haoni kabisa. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa mwaka 2025 uliletwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Sasa tazama hesabu hii. SHA hulipa Sh10,650 kila mara mgonjwa wa figo anaposafishwa damu. Akienda mara mbili kwa wiki, kwa mwaka ni Sh1,107,600. Kisukari na shinikizo la damu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kufa. Naam, si kila mnene atafika kwenye mashine, na ingekuwa uongo kumtisha mtu hivyo. Lakini inashangaza kwamba mlango wa kulipia figo iliyokufa uko wazi, ilhali mlango wa kulipia kile ambacho kingeweza kuinusuru ni wa kubishwa kwa miezi.

Bima nyingi za kibinafsi huandika matibabu ya unene katika orodha ya mambo yasiyolipiwa, pamoja na urembo. Walio na bima hizo katika eneo hili ni wafanyakazi wa benki, wa mashirika ya misaada ya Dadaab na wengine wachache wenye mwajiri. Kwao, orodha hiyo si msahafu. Mwajiri ndiye anayenunua bima, na anaweza kuongeza malipo ili kipengele kifutwe wakati mkataba unapofanywa upya. Ombi la wafanyakazi kumi lina nguvu kuliko la mmoja.

Anayeomba idhini asiandike kwamba anataka kupunguza mwili. Daktari wake ataje ugonjwa: kisukari, shinikizo, magoti yaliyokwisha, pumzi inayokatika usingizini. Aambatanishe vipimo vya sukari vya miezi iliyopita, dawa anazotumia na rekodi za uzito zinazoonyesha kwamba amejaribu lishe na mazoezi. Wanaohudhuria kliniki ya kisukari katika hospitali ya rufaa ya Garissa watunze vijitabu vyao, kwani kijitabu kilichojaa huwa ushahidi. Mwanachama wa SHA naye aitake hospitali iulize idhini kabla ya kulazwa, wala asiridhike na neno la dirishani. Akikataliwa na kampuni ya kibinafsi, ataka jibu la maandishi lenye kutaja kipengele, maana Mamlaka ya Kusimamia Bima hupokea malalamiko ya wateja, na lalamiko lisilo na karatasi haliendi mbali.

Wako pia wanaoikwepa bima kwa sababu za dini, wakihofia riba na kamari. Kwao upo mfumo wa takaful, ambamo wanachama huchangiana kusaidiana. Kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilifungua milango mwaka 2011, na mwaka 2014 iliwalipa wafugaji wa Wajir fidia ya ukame. Ngamia basi amepata bima ya nyasi kabla ya mwenyewe kupata ya tumbo.

Ayuuto, qaaraan na ngamia

Pasipo bima, watu hurudi kwa njia walizozijua. Ayuuto, mchezo wa akina mama wa kupeana fedha kwa zamu, unaweza kufanya kazi kubwa. Tuseme wanawake 20 wanatoa Sh5,000 kila wiki: kila mmoja atapokea Sh100,000 zamu yake ikifika. Upasuaji huu si wa dharura, kwa hivyo anayejua siku yake anaweza kupanga zamu mbili tatu mapema. Hakuna riba na hakuna fomu.

Qaaraan, mchango wa ukoo, ni mgumu zaidi. Ukoo huchangia ajali, saratani na diya bila kuulizana sana. Kwa unene watauliza, na wengine watacheka. Anayefanikiwa ni yule anayekuja na barua ya daktari na mzee mmoja au sheikh wa kumsemea, akitaja sukari kuliko mwili. Kuuza ngamia nako kunahitaji hesabu, kwani anayeuza wakati wa kiangazi huuza mnyama aliyekonda kwa bei iliyokonda.

Ziko fedha za jamaa walioko Marekani, Ulaya na Ghuba, zinazokuja kwa hawala. Hizo ni baraka, ingawa mwaka 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha, na hadi ziliporuhusiwa tena mwezi Juni familia nyingi zilibanwa. Ni vyema fedha za hospitali ziwe zimefika mkononi kabla ya tarehe kupangwa.

Wengine huvutiwa na matangazo ya Uturuki, ambako bei hujumuisha hoteli na gari la uwanja wa ndege. Hujumuisha yote isipokuwa daktari wa kukutazama mwezi wa tatu, ukiwa umerudi nyumbani. Mwaka 2023 makumi ya watu kutoka Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya walipata sumu hatari ya botulini baada ya kudungwa sindano za tumbo za kupunguza uzito katika kliniki za Uturuki. Wao walikuwa na hospitali kubwa karibu na makwao.

Bei isiyoandikwa

Kosa la kawaida ni kuchanga fedha za kisu peke yake. Aliyepunguzwa tumbo atahitaji vitamini, madini ya chuma na kalsiamu maisha yake yote, pamoja na vipimo vya damu mara kwa mara. Katika mwaka wa kwanza ataitwa Nairobi mara kadhaa. Kutoka Garissa ni kilomita zipatazo 370, na kutoka Mandera ni safari ya siku mbili kwa basi. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili 2024, yaliikata barabara upande wa pili wa mto Tana, watu wakavushwa kwa mashua. Nauli, malazi na chakula cha anayekusindikiza viingie katika hesabu, na vitamini za miezi mitatu zinunuliwe kwa pamoja.

Yako na mambo mawili ya nyumbani. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, wakati mwili unapungua kwa kasi na mtoto anaweza kukosa lishe. Katika eneo ambalo Mandera ilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na wastani wa watoto 7.7 kwa kila mwanamke, hilo ni jambo la kuzungumzwa na mume kabla ya fedha kulipwa. Na Ramadhani ya kwanza ipangwe na daktari, kwani tumbo dogo haliwezi kunywa maji ya siku nzima kati ya futari na daku, na ndiyo maana madaktari wengi humtaka mgonjwa aache kufunga mwaka huo na alipe siku zake baadaye.