Dungu, Mpunga na Kipisi

Wapo watu Marekani wanaosafiri mbali ili wakione kichwa kidogo cha treni kikisukuma mabehewa chini ya vihenge vya nafaka. Huandika namba yake, wakapiga picha, wakarudi kwao wameridhika. Mkulima wa Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero, Tanzania, angewaelewa nusu tu. Kukaa macho kutwa nzima anakujua. Ila yeye hulinda ndege.

Mvua zikishika, familia nyingi za bonde la Kilombero huhamia kwenye mashamba ya mpunga yaliyo mbali na kijiji, na kukaa huko hadi mavuno. Mpunga ukianza kuzaa, kazi ni ya dungu: mtu hupanda juu ya jukwaa la miti alfajiri, akapiga makopo na kelele hadi kweleakwelea wahame. Usiku ni zamu ya nguruwe pori. Shule na zahanati zimebaki kijijini, na hapo ndipo desturi hii inapouma, hasa kwa watoto. Mbu nao hawana shida na kibanda kisicho na ukuta wa maana. Si ajabu watafiti wa malaria wa mji wa Ifakara wakaifuatilia sana Namawala.

Reli ya TAZARA inayopita bondeni humo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilikusudiwa shaba ya Zambia. Watu wa bonde wakaitia mpunga. Treni waliyoiona yao ni Kipisi, ile ya kusimama vituo vidogo, na abiria wake wakubwa walikuwa wachuuzi na mizigo yao: mchele, ndizi, kuku. Msafiri wa masafa marefu aliiona inachelewesha. Mama mwenye gunia aliishukuru kwa kusimama.

Vichwa vya kupanga mabehewa, kama kile cha Marekani, vina kazi Kidatu. Hapo reli ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067, hukutana na tawi la Reli ya Kati lenye milimita 1,000, kwa hiyo shehena hushushwa na kupakiwa upya.

Siku hizi bodaboda na malori ndiyo huufuata mpunga shambani. Wepesi wameuleta, sikatai, lakini mnunuzi huja na lumbesa yake, gunia lililojazwa kupita kiasi, na mkulima mwenye msiba au anayedaiwa ada ya shule hana muda wa kubishania kilo.