Mombasa kwa siku mbili: Jinsi ya kula vyema bila kufilisika

MSAFIRI kutoka bara anayefika Mombasa kwa mara ya kwanza hutenda kosa moja kwa urahisi. Hutafuta mkahawa wenye bango kubwa, huagiza kuku na vibanzi, yaani chakula kile kile alichokiacha nyumbani, kisha hulipa maradufu kwa sababu meza yake inatazama bahari.

Kufikia siku ya pili pesa zimekwisha. Familia inarejea Nairobi, Nakuru au Eldoret ikiwa na deni la mkopo wa simu, huku karo ya muhula ujao ikisubiri. Ukimuuliza baba au mama wa familia hiyo, atakujibu kwamba Mombasa ni mji ghali.

Ukweli ni kwamba mtu wa kipato cha kawaida anaweza kula vyema sana Mombasa kwa pesa kidogo. Tatizo ni kuwa chakula hicho hakitangazwi. Hupikwa barazani, kando ya barabara, na katika vihoteli vya vichochoroni ambavyo aghalabu havina hata jina mlangoni.

Isitoshe, chakula hicho kina saa zake. Anayekitaka sharti ajue kinapikwa lini kabla ya kuuliza kinapikwa wapi. Panga siku zako kwa kufuata saa za mapishi ya wenyeji, nayo matembezi na mapumziko yatapata nafasi yake bila taabu.

NAULI NA MALAZI KWANZA

Kabla ya kufikiria sahani, gawa pesa zako katika mafungu manne: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, na dharura. Lipa nauli ya kurudi siku ile ile unayolipa ya kwenda. Aliye na tiketi ya kurudi mfukoni hawezi kukwama ugenini hata akitumia shilingi yake ya mwisho.

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kuhudumu mwaka wa 2017, imewarahisishia wengi safari ya wikendi. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024. Treni isiyosimama vituo vingi huchukua takriban saa tano au sita.

Anayeondoka Ijumaa alasiri hufika usiku, akapata Jumamosi nzima na sehemu kubwa ya Jumapili. Hakikisha ratiba unapokata tiketi, beba kitambulisho, na ufike kituoni mapema kwa sababu ya ukaguzi wa usalama.

Jambo ambalo wageni wengi husahau ni kwamba kituo cha treni kiko Miritini, nje ya kisiwa. Weka kando nauli ya matatu ya kukufikisha mjini. Anayetumia basi kwa kawaida hushukia Mwembe Tayari, katikati ya mji, na hapo hana gharama ya ziada.

Kuhusu malazi, yeyote anayeazimia kula vyakula vya mitaani afadhali alale kisiwani kuliko katika hoteli za ufuoni za Nyali au Bamburi. Nyumba za kulala wageni za katikati ya mji ni za kawaida, lakini kutoka hapo unaweza kufika kwa miguu, au kwa tuktuk, karibu kila mahali panapotajwa katika makala haya.

Aidha, chagua wakati. Wakati wa Krismasi, Pasaka na likizo za shule, tiketi huadimika na bei za vyumba hupanda. Pepo nazo zina usemi wake. Kusi inapovuma, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, wavuvi wenye vyombo vidogo hawatoki sana, na samaki hupanda bei. Msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, bahari hutulia na samaki huwa tele.

ALFAJIRI NI YA MAHAMRI

Siku ya Mombasa huanza mapema. Kabla jua halijapanda, akina mama huwa wamekwisha kuumua unga, na karai ziko motoni. Kiamshakinywa cha wenyeji ni mahamri yenye harufu ya iliki pamoja na mbaazi zilizopikwa kwa tui la nazi, na kikombe cha chai ya viungo.

Anayeamka saa nne asubuhi akitarajia mlo huu atakuta karai imeoshwa. Wapishi wengi hukanda kiasi wanachojua kitauzika, basi kikiisha wamefunga kazi. Toka saa moja, tembea katika mitaa kama Kibokoni, Majengo au Bondeni, na ufuate harufu. Ukipotea, mwamkie mtu mzima kwa heshima kisha umuulize mahamri mazuri yanapatikana wapi. Swali hilo humfurahisha karibu kila mwenyeji.

Ukishashiba, tumia saa hizo za baridi kuuzuru Mji wa Kale. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ilitiwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2011. Kutoka hapo ifuate barabara ya Ndia Kuu, utazame milango ya nakshi na roshani za mbao.

Matembezi haya yanahusiana na chakula kuliko unavyodhani. Muhogo, mahindi, viazi na pilipili vyote asili yake ni bara la Amerika, na vilifika pwani hii baada ya Wareno kuanza kusafiri katika Bahari ya Hindi. Waomani, waliowafukuza Wareno kutoka ngome hiyo mwaka wa 1698, wana halua yao ambayo bado inapikwa Mombasa. Pilau na biriani nazo zinatukumbusha biashara ya karne nyingi na Uajemi na Bara Hindi. Kwa hiyo aliyeiona ngome na kuikosa sahani amesoma nusu ya historia.

MCHANA NI WA WALI

Mlo mkuu wa mchana ni wali: wa nazi kwa samaki na mchuzi, pilau kwa kachumbari, au biriani. Mahali pa kuutafuta kwa bei nafuu ni karibu na wanakofanya kazi watu wenye njaa ya kweli. Zunguka Marikiti, yaani Soko la Mackinnon, na mitaa ya Mwembe Tayari, uone wanakokula wachukuzi wa mikokoteni, wenye maduka na madereva wa tuktuk.

Watu hao hula nje kila siku na hawana pesa za kuchezea. Hoteli ikipunguza kipimo au ikipika ovyo, wanahama kesho yake. Foleni yao ni ushahidi unaoaminika kuliko tangazo lolote.

Fika kati ya saa sita na saa nane. Baadaye nyama huwa imebaki mifupa. Uliza bei kabla ya kuketi, na uliza kama sahani nusu inauzwa. Mara nyingi nusu humtosha mtoto, wakati mwingine hata mtu mzima.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, siku ya Ijumaa hoteli nyingi za Waislamu hufunga kwa muda adhuhuri kwa ajili ya sala, na baada ya hapo wateja hufurika. Pili, wakati wa mwezi wa Ramadhani nyingi hazipiki mchana. Kinyume chake, jioni za Ramadhani huwa na vyakula vingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kwa hivyo tazama kalenda kabla ya kukata tiketi.

Kabla ya kuondoka Marikiti, nunua zawadi hapo hapo. Viungo vya pilau, achari ya maembe, mabuyu ya rangi na kashata ni vyepesi kubeba, na hufurahisha majirani kuliko mapambo ya bei ghali yanayouziwa watalii. Fanya hivyo Jumamosi, kwani Jumapili maduka mengi hufungwa.

JIONI, MUHOGO NA MISHKAKI

Joto la alasiri si la kutembea. Pumzika, kisha saa kumi na moja uelekee Mama Ngina, ukingo wa bahari ambao wenyeji wengi huuita Lighthouse na ambao ulikarabatiwa upya mwaka wa 2019. Hapo jioni nzima hupita kwa gharama ndogo: muhogo uliotiwa pilipili na ndimu, krispi za muhogo, dafu, na meli kubwa zikipita karibu kuelekea bandari ya Kilindini.

Giza likiingia, baada ya sala ya magharibi, majiko ya makaa huwashwa mitaani. Huu ndio wakati wa mishkaki, viazi karai vya kuchovya katika ukwaju, bhajia, kachiri, mkate wa kumimina na kaimati. Usijaze tumbo mahali pamoja. Nunua kidogo hapa na kidogo kule, familia ionje pamoja. Maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu hufaa mahali pa soda.

Anayependa mazungumzo na atafute muuza kahawa. Kahawa chungu humiminwa kutoka dele la shaba hadi kikombe kidogo, hunywewa kwa kipande cha halua au kashata, na gumzo la barazani huja bila malipo.

Jumapili asubuhi, baada ya mahamri ya mara ya pili, waweza kuvuka kivuko cha Likoni, ambacho hakimtozi nauli anayetembea kwa miguu, au upande matatu hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ulioko Bamburi. Usisahau saa ya treni. Magari hayakosi kusongamana njiani kuelekea Miritini.

USALAMA WA TUMBO

Wako wanaoogopa vyakula vya mitaani kwa hofu ya maradhi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kuchagua kwa makini.

Kula kilichotoka motoni mbele ya macho yako. Kitu kilichokaangwa sasa hivi ni salama kuliko chakula kilichopoa tangu asubuhi, hata kikiwa katika hoteli yenye vitambaa mezani. Tazama mafuta: yakiwa meusi na yenye povu, nenda zako. Tazama pia kama kuna maji ya kunawa, kama chakula kimefunikwa, na kama anayepokea pesa ndiye huyo huyo anayeshika chakula kwa mkono mtupu.

Kuwa mwangalifu zaidi na vitu visivyopikwa, kama kachumbari iliyokaa wazi, na barafu usiyojua maji yake yalikotoka. Maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa. Kwa watoto wasiozoea pilipili, omba mchuzi uwekwe kando.

ADABU HUPUNGUZA BEI

Mgeni anayeanza kwa salamu hupokelewa tofauti na anayeanza kwa kuuliza bei. Watu wa Mombasa huthamini maneno mazuri, na Kiswahili chako, hata kama kina lafudhi ya bara, kitakufungulia milango. Vaa kwa heshima unapopita Mji wa Kale, kwani watu wanaishi humo. Usimpige mtu picha, hasa akina mama walio kazini, pasipo kuwaomba ruhusa.

Usivutane sana kuhusu bei ya hamri moja. Mama aliyeamka usiku kukuna nazi na kukanda unga anategemea karai hiyo kulipa kodi ya nyumba na karo ya wanawe, kama vile wewe unavyotegemea mshahara wako. Pesa unazomwachia hubaki mtaani, na kesho huwa unga na mafuta ya kuanzia tena.

Hapo ndipo faida ya safari ya namna hii inapoonekana. Msafiri hurejea kwake bila deni, akiwa ameionja Mombasa wanayoila wenyeji. Naye mpishi asiye na bango wala tangazo hupata mteja mpya, ambaye huenda akamtuma jirani yake mwaka ujao.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukiifuata saa ya karai, wewe mgeni nawe utapona.