Hatari Si Neno Moja

Aghalabu katika miezi ya masika, jua la asubuhi likiisha kuipasha joto miteremko ya Kisii na Nyamira, upepo wenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria, ukakutana na pepo za mashariki juu ya vilima vya Manga na Kiabonyoru; na ifikapo alasiri wingu jeusi huwa limekwisha kusimama wima kama ngome, na wachuma chai, vikapu vikiwa migongoni, hukimbilia mti ulio karibu, ambao mara nyingi ni mkaratusi, ulio mrefu kupita kitu chochote ubavuni mwa kilima kile.

Katika utoto wangu nami nilijibanza chini ya miti hiyo, wala si kwamba sikuonywa. Nilionywa kwa neno moja, hatari, neno lile lile lililobandikwa kwenye nguzo za umeme pamoja na picha ya fuvu, lililoandikwa kwenye kona za barabara ziteremkazo, na litumikalo redioni kwa mafuriko, kwa mbwa mwenye kichaa na kwa siasa. Neno lililobebeshwa mizigo yote hiyo halina budi kuchoka. Mtu hulisikia, akaendelea na kazi yake.

Taarifa nyingi za majanga nchini Kenya huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na Mwingereza amezigawa dhana hizi katika maneno mbalimbali. Hazard, katika istilahi za wataalamu, ni kile chenye kudhuru kwa tabia yake, kama radi yenyewe. Risk ni kadiri ya uwezekano wa dhara hilo kumfikia mtu fulani mahali fulani. Na vulnerable ni yule ambaye hali yake imemweka wazi, kama mchumaji wetu chini ya mkaratusi. Radi hapana awezaye kuizuia, ilhali mchumaji aweza kuondoka pale aliposimama. Mfasiri anapoyatia yote matatu katika neno hatari, humnyima msikilizaji habari iliyo muhimu kuliko zote, yaani sehemu ipi ya jambo hili imo mikononi mwake.

Ajabu ni kwamba baadhi ya maneno hayo ya Kiingereza huenda yana nasaba na yetu. Hazard lilikuwa jina la mchezo wa dadu, na wengi hulirudisha kwenye Kiarabu; risk limepitia Kiitaliano, na wapo wanazuoni walionena, ingawa wengine huwapinga, kwamba shina lake ni rizq, ndilo hilo hilo lililotupa sisi riziki. Hatari nayo ni khatar ya Waarabu, ambao kwao neno hilo hubeba pia maana ya dau liwekwalo katika mashindano. Na bima, iliyotufikia kwa mkono wa Wahindi, asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya hofu.

Lakini neno la Kiingereza linigusalo zaidi ni precarious. Wao hulitumia kwa kila kisicho thabiti, walakini katika Kilatini lilimaanisha kitu kilichopatikana kwa kuomba, kidumucho kwa hiari ya mwingine. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta katika Kaunti ya Kisii watu 1,266,860, takriban 957 katika kila kilomita moja ya mraba. Kijana aliyegawiwa ukanda wa shamba usiotosha ndizi na ng'ombe mmoja, akalima hadi ukingoni mwa mteremko ambako mvua huuchukua udongo, anaishi katika maana hiyo ya kale kabisa: kila msimu huuomba mwaka ujao.

Kosa la kufasiri neno lina gharama yake, na ushahidi uko katika homa. Madaktari huigawa malaria katika ile iliyo thabiti, ya mwambao wa ziwa, ambako watu huumwa na mbu mwaka mzima hata miili yao ikajipatia kinga kiasi, na ile isiyo thabiti, ya nyanda za juu kama Kisii na Nyamira, ambako baridi huwazuia mbu na vimelea, na kwa hiyo kinga ya watu ni haba. Mtu akiambiwa ugonjwa wa kwao si thabiti, yumkini atafurahi, akidhani ni dhaifu. Kinyume chake ndicho kilicho kweli: mvua na joto vikizidi desturi, huzuka kwa kishindo, ukawaangusha watoto na watu wazima pamoja, kama ilivyotukia katika miaka ya 1990. Mimi ningeiita malaria ya ghafula, nikaridhika.

Wala hatukukosa maneno ya kukitaja kisicho thabiti. Jino hulegalega, mashua huyumba, mti huwayawaya, nguzo hutikisika, imani hutetereka. Na katika ofisi za Tanzania wamekwisha kuzoea kusema vihatarishi, neno ambalo nalipendelea sana.

Lau ningepewa kuiandika upya taarifa isemayo kuna hatari ya radi Kisii na Nyamira, ningesema hivi: radi yatazamiwa alasiri ya leo; itakayemfikia upesi ni yule aliye peke yake kileleni, au kwenye shamba la chai, au chini ya mkaratusi; uonapo mmweko anza kuhesabu, maana ngurumo huchukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita, na ikikufikia kabla ya 30, ingia katika nyumba imara, wala usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na kwa ajili ya wazee wasikiao Ekegusii peke yake, ningelitanguliza neno lao, enkoba, ili wajue tangu silabi ya kwanza ni kitu gani kinachokusanyika juu ya Manga.