Kwa Nini Tenisi Inafaa Filamu

Mtazame mcheza bao kivulini hapa Bagamoyo: kabla hajagusa kete, uso wake umekwisha kusema. Tenisi nayo ni hivyo. Wachezaji wawili, wavu katikati, na kimya kabla ya kila mpira kuanzishwa. Kamera haihangaiki na wachezaji ishirini na wawili. Inabaki na uso.

Katika filamu ya Alfred Hitchcock, Strangers on a Train (1951), watazamaji uwanjani wanageuza vichwa kushoto na kulia wakifuata mpira, isipokuwa mmoja. Huyo ni muuaji. Anamkodolea macho mcheza tenisi anayeijua siri yake na kuinyamazia. Mpira unaendelea, lakini sisi tunatazama dhamiri inayosumbuka.

Basi, tukitazama filamu za michezo, tusihesabu pointi tu. Tusome nyuso.