Umeitwa usaili wa kazi ya kaunti? Jipange hivi

Jumapili alasiri, chumba kimoja pale Kangemi. Tulikuwa watu watano na viti vitatu. Watatu tuliketi nyuma ya meza ya chakula tukijifanya jopo. Mwenye chumba, rafiki yangu, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti pamoja, faili mapajani. Kitandani alikuwa jirani yake, mama anayeuza mboga kando ya barabara, akichambua sukuma na kutucheka.

Rafiki yangu alikuwa ameitwa usaili wa kazi ya msimamizi wa wadi. Zilibaki siku nane. Amehitimu chuo kikuu tangu 2021, na kwa sasa anashinda kwenye kibanda cha M-Pesa huko Westlands huku akisaga lami kutafuta kazi ya kusomea.

Hii ilikuwa mara yake ya pili mbele ya bodi. Mara ya kwanza, katika kaunti ambayo sitaitaja, aliulizwa: "Ukipewa kazi leo, kesho asubuhi utafanya nini?" Akajibu kwamba yeye ni mchapakazi na hujifunza haraka. Mwenyekiti akamshukuru. Hakupigiwa simu tena.

"Labda kulikuwa na mtu wa mtu," aliniambia. "Lakini hata kama hakungekuwa, hilo jibu langu halingenipa kazi."

Kama nawe umeona jina lako kwenye orodha ya walioteuliwa, haya ndiyo tuliyojifunza kwenye kile chumba.

Ijue kazi kabla hujajisifu

Kila kaunti kati ya 47 ina Bodi ya Utumishi wa Umma, iliyoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ina mwenyekiti, wanachama wasiopungua watatu na wasiozidi watano, pamoja na katibu. Hao ndio utakaowakuta mezani, au watu waliowatuma.

Hawakuiti ili uwasomee wasifu wako. Wanao mbele yao. Wanataka kujua kama unaelewa unachoomba.

Chukua lile tangazo la kazi, lisome mstari kwa mstari. Kila jukumu lililoandikwa pale, ligeuze liwe swali. Limeandikwa "kuratibu utoaji wa huduma"? Jiulize: huduma gani, kwa nani, na nikikuta zimekwama naanzia wapi?

Kuna swali ambalo huwaangusha wengi: msimamizi wa wadi, diwani na chifu wana tofauti gani? Diwani huchaguliwa na wananchi, hutunga sheria za kaunti na kuichunguza serikali ya kaunti. Msimamizi wa wadi ni mwajiriwa wa kaunti, na kazi yake ni utekelezaji wa kila siku na kuwashirikisha wananchi. Chifu ni wa serikali ya kitaifa. Ukichanganya hawa watatu, jopo litajua hata gazeti husomi.

Vivyo hivyo na majukumu. Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi kati ya serikali hizi mbili. Takataka, masoko, zahanati na vituo vya afya, chekechea na zimamoto ni za kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Hata barabara zimegawanywa: Waiyaki Way ni barabara kuu ya kitaifa, si ya kaunti. Kwa hivyo ukiambiwa "wakazi wanalalamikia shimo barabarani", swali lako la kwanza liwe, hiyo ni barabara ya nani?

Mtaa wako ndio kitabu

Eneo la Westlands lina wadi tano: Kitisuru, Parklands/Highridge, Karura, Kangemi na Mountain View. Tembea kutoka nyumba zenye ua na bustani za Kitisuru hadi vichochoro vya Kangemi, utaona kwa nini jibu moja halitoshi kote. Msimamizi wa wadi moja anaweza kuamkia malalamiko ya kelele za vilabu vya usiku, mwenzake akaamkia mtaro ulioziba.

Sisi wanajopo wa uongo tulikuwa tumejiandaa na maswali makubwa makubwa. Maono, mikakati, mambo kama hayo. Rafiki yangu aliyajibu vizuri tu. Kisha yule mama akaweka kisu chini.

"Mwanangu, mimi nauza mboga. Mvua ikinyesha, maji machafu yanapita katikati ya meza zetu. Askari wa kaunti naye anakuja kuchukua ushuru vilevile. Wewe ukipewa hiyo kazi, wiki ya kwanza utanifanyia nini?"

Kimya. Rafiki yangu alisema, "Mama, nitahakikisha..." akakwama. Atahakikisha nini, na kwa pesa gani?

Tulilifanyia kazi hilo swali jioni nzima. Jibu alilofikia ni hili: siku ya kwanza angeenda kuona mtaro kwa macho yake na kuzungumza na wachuuzi. Angeuliza idara inayohusika kama usafishaji umepangwa na lini. Angewarudishia wachuuzi jibu kwa tarehe, hata kama jibu ni baya. Na kama kazi inahitaji pesa, angehakikisha wachuuzi wanafika kwenye vikao vya umma vya bajeti wakaiombe wenyewe.

Hakuahidi muujiza, na ndiyo maana lilikuwa jibu zuri. Bodi imesikia miujiza ya kutosha.

Sheria usiikariri kama kasuku

Soma Kifungu cha 10 cha Katiba, kinachotaja maadili ya kitaifa, na cha 232, kinachotaja maadili ya utumishi wa umma. Lakini kuyataja moja baada ya jingine hakutoshi. Chagua matatu, kila moja ulipe mfano kutoka maisha yako.

Rafiki yangu alikuwa anaogopa kwamba hana uzoefu. Tukamuuliza: pale kwenye M-Pesa, mteja akikutumia pesa zaidi kimakosa, unafanya nini? Hesabu zisipolingana jioni, nani hulipa? Kumbe uwajibikaji alikuwa nao miaka yote, hakujua tu kuuita kwa jina lake.

Jiandae pia kwa swali la mtihani wa moyo: "Mkubwa amekupigia simu umpe mpwa wake kibarua. Utafanyaje?" Usipige kifua kwamba utamkamata. Sema taratibu za ajira ni zipi, mwelekeze mpwa aombe kama wengine, na uweke jambo hilo kwa maandishi.

Mahojiano mengi huendeshwa kwa Kiingereza, lakini Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ukigeuziwa lugha ghafla usianze kutafuna maneno. Mama mboga hatakuja ofisini kwako na Kiingereza.

Makaratasi na pesa

Panga faili mapema: kitambulisho, vyeti halisi na nakala zake, barua ya mwaliko. Kuhusu cheti cha tabia njema, cha ushuru, cha HELB na vinginevyo, soma mwaliko wako unasemaje. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanamzuia mwajiri kukudai vyeti hivyo kabla hajakusudia kukupa mkataba. Hiyo ni nafuu kwa asiye na kazi.

Na sasa lile jambo ambalo vijana hunong'ona. Siku tatu baada ya kile kikao chetu, mtu asiyemjua alimpigia rafiki yangu. Alijua jina lake na kazi aliyoomba. Alitaka "kitu kidogo" ili jina lipande juu. Orodha za walioteuliwa hubandikwa hadharani, kwa hivyo kujua jina lako si ushahidi kwamba mtu yuko ndani.

Alikaa na simu mkononi muda mrefu. Nyumbani kulikuwa na shamba dogo ambalo mamake angekubali kulikodisha. Akakata simu, akaizuia namba.

Sitakudanganya kwamba hongo na ukabila havipo. Lakini sheria hiyohiyo ya 2012 inataka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti. Na ukiona umedhulumiwa, unaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Anayetoa hongo hana pa kulalamikia.

Siku yenyewe

Ondoka mapema. Waiyaki Way ikishika asubuhi ya mvua, nauli hupanda na matatu hazisongi. Nguo iwe safi, si lazima iwe ghali. Koti la rafiki yangu ni la mtumba. Zima simu. Salimia, subiri uambiwe keti. "Tueleze kukuhusu" ijibu kwa dakika mbili. Usichokijua, sema hukijui. Mwishoni wakikupa nafasi ya kuuliza, usianze na mshahara.

Rafiki yangu alitoka baada ya dakika ishirini hivi. Waliuliza kuhusu diwani na chifu. Waliuliza kuhusu takataka. Mitaro hawakuigusa kabisa.

Matokeo bado. Anaendelea kuhudumia wateja kibandani, na kila namba ngeni ikipiga anafuta mkono kwanza ndipo aipokee. Jioni akipita kwa mama mboga huulizwa swali lilelile: "Na wakikuchukua, mtaro wangu je?"

Anasema jibu lake linazidi kuwa fupi.