Pwani ya Wabajuni: kutoka Ras Kamboni hadi Kismayo

Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya lahaja, sisi walimu hutundika ramani ya pwani na kuwaomba wanafunzi waonyeshe Kiswahili kinaanzia wapi upande wa kaskazini. Wengi huweka kidole Lamu. Wachache hupanda mpaka Kiunga, karibu na mpaka wa Kenya. Hapo kidole husimama, kana kwamba lugha nayo huzuiwa mpakani.

Katika makala haya tunakusudia kumvusha msomaji mpaka huo. Tunafanya hivyo kwa sababu maalumu. Somalia ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Machi 2024, na tangu wakati huo tumewasikia wenzetu wengi wakisema kwamba sasa Kiswahili "kitaingia" Somalia. Kauli hiyo ni ya nia njema, lakini inasahau kwamba kuna watu wa Somalia ambao Kiswahili ni lugha ya mama zao na bibi zao tangu karne nyingi. Watu hao ni Wabajuni, pamoja na ndugu zao wa Barawa wanaosema Chimwini. Hapa tutawazungumzia Wabajuni na pwani yao.

Mahali penyewe

Ras Kamboni, au Ras Kiamboni, ndiyo ncha ya kusini kabisa ya Somalia, mara tu ukivuka mpaka wa Kenya. Kutoka hapo hadi mji wa Kismayo, ulio kusini kidogo ya ikweta, ni mwendo usiofika kilomita 200 ukipimwa moja kwa moja. Mbele ya ufuo huo kuna mwamba wa matumbawe, na juu yake vimejipanga visiwa vidogo vidogo. Vinavyojulikana zaidi, tukihesabu kutoka kaskazini, ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Kati ya visiwa na bara kuna maji matulivu, na kwenye hori ya Bur Gao kuna mikoko mingi. Wenyeji wameishi kwa uvuvi, kwa kilimo upande wa bara, na kwa safari za pepo mbili, kaskazi na kusi.

Wabajuni hawaishii Somalia. Faza, ambayo jina lake la zamani ni Rasini, pamoja na Kizingitini, Ndau na Kiwayu huko Kenya ni miji na visiwa vyao pia. Ni jamii moja iliyokatwa na mstari uliochorwa na wengine.

Majina yaliyoandikwa na wageni

Mwanafunzi anayetaka kuisoma pwani hii hukutana kwanza na tatizo la tahajia. Waingereza waliiita Ras Kiamboni kwa jina la Dick's Head, na Bur Gao wakaiita Port Durnford. Waitaliano waliyaacha majina ya wenyeji lakini wakayaandika kwa kanuni za lugha yao. Katika Kiitaliano herufi "ch" husomwa kama "k" yetu, kwa hiyo Chisimaio ni Kismayo na Chiamboni ni Kiamboni. Kinyume chake, Ciula ni Chula, Ciovai ni Chovai, na Coiama ni Koyama. Asiyejua kanuni hiyo huweza kudhani kwamba anasoma habari za visiwa viwili tofauti.

Majina yenyewe yana mengi ya kutufundisha. Kisimayu huelezwa kuwa ni "kisima" na "yuu", yaani kisima cha juu. Msomaji atakumbuka kwamba katika lahaja za kaskazini "juu" hutamkwa "yuu". Vivyo hivyo, jina Watikuu, ambalo ni jina jingine la Wabajuni, huelezwa kutokana na "nti kuu", yaani nchi kuu, kwa maana ya bara lililo mbele ya visiwa. Hata Chula ina funzo lake. Ramani za zamani za Kiingereza huandika Tula. Katika Kibajuni, sauti "t" ya lahaja nyingine mara nyingi huwa "ch": watu ni "wachu", tatu ni "chachu". Kwa hiyo Tula na Chula ni jina moja katika vinywa viwili. Jina la kisiwa limehifadhi kanuni nzima ya fonolojia.

Magofu na makaburi

Mnamo 1968 mwanaakiolojia Neville Chittick alifanya safari ya uchunguzi katika pwani ya kusini ya Somalia, na ripoti yake ikachapishwa mwaka uliofuata. Alikuta magofu ya misikiti, nyumba na makaburi ya mawe, visiwani na bara. Mtu aliyewahi kuzuru Gedi au Pate angeyatambua mara moja: kuta za matumbawe na chokaa, vibla vya misikiti, na yale makaburi yenye mnara ambayo yanapatikana katika pwani ya Waswahili kuanzia Somalia hadi Tanzania. Hiyo ni hati ya umiliki iliyoandikwa kwa mawe. Waliojenga hapa walikuwa wa utamaduni uleule uliojenga Lamu, Mombasa na Kilwa.

Si kila habari ya kale ya eneo hili ni ya kuaminiwa. Mwingereza mmoja, Captain Haywood, alidai kwamba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alipata huko Bur Gao sarafu nyingi za kale, zikiwemo za Misri ya akina Ptolemy na za Roma. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka 1932 iliwasisimua wengi. Lakini ndani ya fungu hilohilo zilikuwemo pia sarafu za karne nyingi baadaye, na Chittick, pamoja na wengine, alitia shaka kama zote zilipatikana pamoja mahali pale. Tunawakumbusha wanafunzi wetu: pwani hii haihitaji sarafu za Roma ili iwe na heshima.

Shungwaya

Jina kubwa kuliko yote katika eneo hili ni Shungwaya. Masimulizi ya Wamijikenda, Wapokomo, Wasegeju na Wabajuni wenyewe hutaja Shungwaya kama nchi ambamo wazee wao walitoka. Wataalamu wengi huiweka mahali fulani kati ya mto Juba na mto Tana, na baadhi yao huitaja Bur Gao hasa. Wamebishana sana juu ya ukubwa wake, wakati wake na kama masimulizi yote yanahusu mahali pamoja.

Sisi wa idara ya lugha tuna ushahidi wa aina nyingine. Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro ni lugha ndugu, nazo huwekwa pamoja katika kundi la lugha za Sabaki. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilieleza kundi hilo kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1993. Udugu wa lugha hauthibitishi kila neno la masimulizi, lakini unaonyesha kwamba wazee waliosema "tulikuwa pamoja" hawakuwa wakiota.

Chombo kilichoshonwa

Urithi wa pwani hii si wa mawe tu. Wabajuni walisifika kwa kuunda mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Tanga lake lilikuwa la mkeka, na gubeti yake ilichongwa kama kichwa na kupambwa kwa macho. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 kiliundwa chombo cha mfano huko Zanzibar, kikawekwa katika Beit al-Ajaib, nacho kikapewa jina la Shungwaya.

Wavuvi wa Kibajuni walijulikana pia kwa kumtumia chazo, samaki mwenye kigandio kichwani, kumnasa kasa. Mvuvi alimfunga chazo kamba mkiani na kumwachia karibu na kasa. Chazo alijigandisha kwenye gamba, na kasa akavutwa taratibu. Kila hatua ya kazi kama hizo ina maneno yake. Kazi ikifa, na maneno yake hayachukui muda kuifuata.

Bendera nyingi, watu walewale

Katika karne ya 19 Kismayo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1875 majeshi ya Khedive Ismail wa Misri, yakiongozwa na McKillop Pasha, yaliuteka mji huo, kisha yakaondoka mapema mwaka uliofuata kwa shinikizo la Waingereza. Kuanzia 1895 Jubaland yote ilitawaliwa na Waingereza pamoja na nchi ambayo leo ni Kenya. Mwaka 1925 waliikabidhi kwa Italia. Kwa miaka 30, basi, Kismayo na Mombasa zilikuwa katika himaya moja, na mpaka tunaouona kuwa wa asili una umri wa karne moja tu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, serikali iliichagua alfabeti ya Kilatini kwa Kisomali mwaka 1972, na Kisomali kikawa lugha ya shule. Uamuzi huo uliwasaidia mamilioni kusoma kwa lugha yao. Mtoto wa Koyama, hata hivyo, hakusoma kwa lugha ya nyumbani kwao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1991, Wabajuni, wasio na silaha wala ukoo mkubwa wa kuwatetea, waliporwa vyombo na nyavu, na maelfu walikimbilia Mombasa na Lamu. Katika miaka iliyofuata 2008, kundi la Al-Shabaab lilivunja makaburi ya mashehe sehemu mbalimbali za kusini. Ras Kamboni yenyewe ilipigwa kwa ndege mwezi Januari 2007, na mapigano yamerudi huko hata Desemba 2024.

Lugha mbele ya ofisa

Katika miaka ya 2000 Wabajuni wengi waliomba hifadhi Uingereza. Ofisa aliwauliza wataje visiwa, vijiji na vyakula vya kwao, na sauti zao zilirekodiwa ili wachanganuzi waamue kama kweli wanasema Kibajuni. Fikiria kijana aliyeondoka Chula akiwa na miaka mitano akakulia Mombasa. Anasema "watu", hasemi "wachu". Je, ni mwongo, au ni mtoto wa mkimbizi aliyejifunza lugha ya mtaa aliokulia? Mwanafunzi wa isimu anajua kwamba lahaja hubadilika mtu anapohama. Ofisa asiyejua hilo anaweza kumrudisha mtu kwenye hatari. Hapo tofauti ya "t" na "ch" si zoezi la darasani tena.

Kazi yetu

Kwa sasa hatuwezi kuwapeleka wanafunzi wetu Ras Kamboni. Lakini wazee wa pwani ile wapo Mombasa, Lamu, London na kwingineko, na baadhi yao ni jirani zetu. Tunawaomba wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu wawafikie kwa adabu, wawaombe idhini, na waandike majina ya visima, misikiti, pepo, samaki na sehemu za chombo. Yaandikwe kama yanavyotamkwa, bila kusahihishwa yafanane na Kiswahili sanifu. Ahmed Sheikh Nabhany alifanya kazi ya aina hiyo kwa watu wa Lamu aliposimulia uundaji wa chombo kwa shairi katika Sambo ya Kiwandeo, kitabu kilichotoka mwaka 1979. Wabajuni wa Somalia nao wanastahili kazi kama hiyo.

Na walimu watakaokwenda siku moja kufundisha Kiswahili Mogadishu au Kismayo, tunawasihi waanze kwa kuuliza nani darasani anakijua tayari. Huenda mkono utakaoinuliwa ukawa wa mjukuu wa mvuvi wa Chovai. Asiambiwe kwamba anasema vibaya. Aombwe asimame aitamke tatu kama bibi yake anavyoitamka, na wengine wasikilize.